Mstari Mmoja, Siku Moja

Pale hospitalini mume wangu walimwita Injinia, naye akawa anaitika. Shule ya uinjinia hakuwahi kuichungulia hata dirishani. Alikuwa mchomeleaji wa vyuma, akaajiriwa kuunga miguu ya vitanda vilivyovunjika, na siku jenereta ilipoletwa na mjuzi wake asitokee, akakabidhiwa yeye ufunguo. Akakaa na mashine ile miaka kumi na tisa. Aliipangusa, aliipaka grisi, aliisemesha. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu kwamba mimi ni mke mdogo, mkubwa yuko kule kibandani ananguruma.

Mimi ni dobi wa hospitali hiyo hiyo. Shuka za wodi zote hupita mikononi mwangu, na habari za wodi zote hupita masikioni mwangu, na sitasema uongo, nyingi hutokea mdomoni. Mume wangu alizoea kusema kwamba kama maswali yangu yangekuwa sabuni, hospitali isingenunua nyingine. Mdogo wangu wa kiume, tuliyetoka naye tumbo moja, alikuwa mlinzi wa usiku wa lango na kibanda cha jenereta. Walimwita Tochi kwa kuwa alitembea nayo hata jua likiwa utosini. Mashemeji hao wawili walitaniana tangu siku ya posa.

“Shemeji, dada yangu nilikuazima tu,” Tochi alikuwa akisema.

“Njoo umchukue leo leo. Na mdomo wake usiusahau.”

Tangi la dizeli alilitengeneza mume wangu mwenyewe, na hapo ndipo habari hii ilipo. Alichukua bakuli la juu la mashine kuukuu ya kusaga, lile ambalo mahindi humwagwa ndani yake kabla hayajashuka kwenye mawe. Lina pande nne, mdomo mpana juu, na pande zote zinakwenda zikikutana chini kwenye ncha moja. Piramidi iliyosimamishwa kichwa chini. Akaziba ncha, akatia bomba dogo, akaliweka juu ya miguu ya chuma. Sababu yake ilikuwa nzuri: uchafu na maji yaliyomo kwenye dizeli hutuama pale nchani, ukifungua bomba yanatoka na mashine inakunywa kilicho safi. Kila mtu alimsifu, hata mimi, na mimi sisifu ovyo. Mdomo wa tangi ulikuwa mita moja kwa mita moja, na kimo chake, toka mdomoni hadi nchani, mita moja na nusu.

Kisha akachukua ufito wa chuma wa kupimia, akaupiga tupa mistari kumi iliyoachana sawasawa. Mstari wa kumi ni tangi limejaa pomoni. Kila asubuhi aliutumbukiza, akautoa, akasoma panapoishia unyevu. Gari la mafuta lilikuja mara moja kwa mwezi, likajaza kwa mpira hadi juu, na karatasi ya lita ikaenda ofisini, yeye hakuiona. Kwa mwezi mzima umeme ulikuwa ukikatika saa tatu hapa, saa tano pale. Dizeli haikuwahi kushuka chini ya mstari wa nane. Na kwa miaka yote hiyo mume wangu aliona jambo moja lisilobadilika: mashine ikifanya kazi mchana na usiku, mstari unaisha baada ya siku moja na kitu.

“Mstari mmoja, siku moja,” aliwaambia watu, “na chenji juu.” Kibandiko cha kiwandani kilisema mashine inakula lita tano kwa saa. Alikuwa akikigonga kwa kidole na kucheka. “Hiyo ni ya wengine. Hii yangu nimeifunza adabu.”

Basi ikaja mvua ile. Ilinyesha Jumapili kutwa, ikaangusha nguzo za umeme na kung'oa daraja. Jumatatu saa mbili asubuhi mume wangu akawasha mashine, tangi likiwa limejaa, mstari wa kumi. Upande wetu wa mto tulikuwa na wagonjwa arobaini na watoto watatu kwenye masanduku ya joto, wale waliozaliwa kabla ya siku zao. Mmoja alikuwa wa mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani. Wa pili wa mama mmoja mkulima. Wa tatu, wa sanduku la katikati, alikuwa mjukuu wetu.

Binti yetu ni mmoja tu. Alijifungua kwa kisu mimba ikiwa ya miezi saba, na mtoto akatoka na kilo moja na robo, mwekundu, ngozi imelegea kama nguo ya kuazima. Ni wa kiume, kwa hiyo mimi nikamwita mume wangu, na babu yake akasema ameletewa mshindani nyumbani kwake tena wa kulala bure. Alikuwa akisimama mbele ya lile sanduku, mikono nyuma kwa sababu ya grisi, akimwambia, “Lala, bwana. Umeme wako niko nao mimi.” Nilimsikia kwa masikio yangu.

Jumanne asubuhi ufito ulisoma juu kidogo ya mstari wa tisa. Jumatano asubuhi ulisoma wa nane. Ilikwenda vile vile alivyosema siku zote.

Jumatano hiyo, mnamo saa tatu, mvua ilipumua na mto ukashuka kidogo. Trekta la mkandarasi wa barabara likavuka kwenye kivuko cha mawe, magurudumu yamezama hadi katikati. Dereva, mtu mzima mwenye sauti ya kukwaruza, akasimama uani akapiga kelele kwamba ng'ambo hospitali kubwa ina umeme wa kutosha, na kwamba yeye anarudi sasa hivi. Kama kuna wa kupeleka, wapelekwe.

“Nikichelewa saa moja sivuki tena,” alisema. “Huko juu mbingu imefunga, nyeusi ti!”

Matroni, mkuu wa wauguzi, akatoka. Ni mwanamke asiyependa maneno mengi, anauliza anachotaka kujua. Akina mama wa wale watoto walikuwa mlangoni, binti yetu ameshika tumbo lake lenye nyuzi.

“Injinia, dizeli ni ya siku ngapi?”

Mume wangu akanyanyua ufito ili kila mtu auone. “Mstari mmoja, siku moja, Matroni. Tunayo minane. Siku nane, na chenji juu.”

Matroni akafikiri. Safari ya saa tatu ndani ya trela, kwenye upepo, na watoto wasiofika kilo mbili. Siku nane zinatosha kurudisha nguzo, zinatosha hata kujenga daraja la magogo. Ningekuwa mimi ningeamua alivyoamua. “Basi hawatoki,” akasema. Trekta likaondoka na mzee mmoja aliyevunjika paja. Adhuhuri mto ukaja na miti mizima mizima, na kivuko kikawa hakionekani tena.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nikianika shuka ukumbini nilipomsikia mume wangu akifoka. Sijamsikia akifoka miaka mingi. Nikaenda mbio na mikono yenye povu. Alikuwa amemkaba mdogo wangu ukosi mbele ya kibanda, na ufito uko chini.

“Mstari mmoja na nusu!” alikuwa akisema. “Jana asubuhi minane, leo sita na nusu! Juzi mmoja, jana mmoja, leo mmoja na nusu! Nusu imekwenda wapi, shemeji? Usiku hapa alikuwa nani?”

“Nilikuwa mimi,” Tochi akasema. “Na sijagusa kitu.”

“Imetembea yenyewe?”

“Mimi sijui imekwendaje. Najua sijagusa.”

“Mjukuu wangu yuko mle ndani! Unamwibia mtoto wa mpwa wako pumzi!”

Mdogo wangu alinitazama. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Na mimi, mwenye mdomo huu unaosifika wodi nzima, nilikaa kimya. Nilikuwa nimesimama katikati, damu upande huu na ndoa upande huu, na kichwani nilikuwa nikimwona mtoto kwenye sanduku. Nilimjua mdogo wangu. Hajawahi kuiba hata sukari ya mama yetu. Lakini ufito nao ulikuwa pale chini na haujui kusema uongo. Wahudumu wawili wakamshika, wakamfungia kwenye stoo ya machela mpaka polisi watakapoweza kuvuka mto. Tochi yake ilianguka njiani, mmoja akaipiga teke pembeni.

Mume wangu akatia kufuli mpya kwenye kibanda, akaning'iniza ufunguo shingoni. Akakaa mlangoni kwenye debe tangu saa mbili mpaka saa nane mchana. Hakula. Saa nane akafungua, akapima, kisha akaja kwangu kwenye chumba cha kufulia.

Sitasahau uso alioingia nao. Nilikuwa nikimimina dawa ya kutoa madoa kwenye chupa kwa faneli, na mwalimu, yule mwenye mtoto kwenye sanduku la kwanza, alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri shuka safi. Mume wangu hakujali kwamba kuna mtu.

“Imeshuka tena,” akasema. “Nusu mstari. Sasa iko mstari wa sita, kwa saa sita tu. Ufunguo ninao mimi, mlango nimeukalia mimi.”

“Kuna tobo,” nikasema.

“Hakuna. Nimelala chini nikanusa udongo. Pakavu.” Akajishika kichwa. “Au nimerogwa, mke wangu?”

Nilitaka kumjibu vibaya, maana nilikuwa na hasira naye ya tangu asubuhi. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye faneli. Miaka yote nimemimina dawa kwa faneli ile. Ukiijaza halafu ukaachia kidole, mwanzo dawa inashuka polepole, unaweza hata kukuna pua. Ikifika nusu inaharakisha. Mwisho inakimbia, ukipepesa jicho haipo. Naiona kila siku ya Mungu na sijawahi kuifikiria, kwa sababu ni faneli, nani anafikiria faneli?

“Njoo hapa,” nikamwambia. “Shika chini, ziba kwa kidole.”

Nikaweka alama kwa penseli katikati ya kimo cha faneli. Nikachukua kikombe kidogo cha kupimia dawa, nikamimina kimoja. Dawa ikafika kwenye alama, nusu kamili. Nikamimina cha pili. Kwa akili yangu na yake kilipaswa kujaza. Kikapandisha kidogo tu. Cha tatu, kidogo zaidi. Cha nne. Cha tano, cha sita, cha saba. Faneli ilijaa kwa kikombe cha nane.

“Nusu ya chini kikombe kimoja,” nikasema. “Nusu ya juu saba.”

Kisha mwalimu akainuka kwenye benchi, ameshika ukuta kwa sababu bado alikuwa na maumivu ya kujifungua, akachukua penseli yangu na karatasi ya orodha ya shuka.

“Hilo tangi lina umbo gani?” akauliza.

“Kama hii,” mume wangu akasema. “Ila lina pande nne.”

“Piramidi. Hiyo faneli ni koni. Kanuni yao ni ile ile, ujazo ni theluthi ya kitako mara kimo. Mdomo wake?”

“Mita moja, mita moja.”

“Kimo?”

“Moja na nusu.”

“Moja mara moja mara moja na nusu, gawa kwa tatu. Nusu mita ya ujazo. Lita mia tano likijaa.” Aliandika haraka, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. “Sasa dizeli ikishuka, kimo kinapungua, lakini na upana unapungua, na marefu yanapungua. Vyote vitatu kwa pamoja. Uko mstari wa sita katika kumi. Sita mara sita mara sita, mia mbili na kumi na sita katika elfu. Si sita ya kumi. Ni kama moja ya tano. Lita mia na nane.” Akainua macho. “Inakula ngapi kwa saa?”

“Kibandiko kinasema tano, lakini…”

“Lakini nini?”

“Yangu haili hivyo,” mume wangu akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Mwalimu akahesabu tena pembeni. “Tangu Jumatatu saa mbili mpaka sasa ni saa sabini na nane. Kwa tano tano, lita mia tatu na tisini. Toa kwenye mia tano, zinabaki mia na kumi. Na mimi nimepata mia na nane.” Akaweka penseli chini. “Mzee, inakula hivyo hivyo. Imekula hivyo siku zote. Ulikuwa unasoma mistari ya juu tu, huko ambako ni kupana, mstari mmoja una lita mia na zaidi.”

“Zimebaki saa ngapi?” nikauliza mimi, maana yeye hakuweza.

“Ishirini na moja. Kesho kabla ya adhuhuri.”

Ndipo mwalimu alipojisikia mwenyewe anasema nini. Niliona uso wake ukibadilika, ukaacha kuwa uso wa mwalimu ukawa uso wa mama. Akaishika karatasi kwa mikono miwili. “Jana,” akasema polepole. “Mstari wa nane. Nane mara nane mara nane, mia tano na kumi na mbili. Lita mia mbili hamsini na sita. Siku mbili na saa tatu.” Akamtazama mume wangu. “Ulisema siku nane. Trekta lilikuwepo uani.”

Mume wangu akaketi sakafuni, kwenye maji ya sabuni.

Alipopata ulimi aliniomba nisiseme bado. Akataka akapime tena, labda kuna kosa kwenye hesabu, labda mwalimu amechoka. Nilimwambia, “Mdogo wangu yuko stoo na machela.” Lakini maombi yake yalikuwa bure, kwani mwalimu alikwishatoka, akitambaa na ukuta wa baraza kwenda kwa Matroni, na karatasi ya shuka mkononi.

Matroni hakufoka. Ningependa angefoka. Alisoma karatasi mara mbili, akaamuru kila kitu kizimwe: pampu, taa, friji, feni ya chumba cha upasuaji. Yabaki masanduku matatu tu. Mashine ikashusha pumzi, ikawa inakula kama lita tatu kwa saa. Hiyo ilituongezea muda, si sana.

Mume wangu akaenda mwenyewe kufungua stoo. Nilimfuata. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye machela, mikono magotini.

“Shemeji, nimekosea,” mume wangu akasema.

“Umenikosea mimi, au umekosea hesabu?”

“Vyote.”

Tochi aliinuka, akapita kati yetu bila kugusa bega la mtu. Mlangoni akaniuliza, “Inahitajika dizeli?” Nikamwambia ndiyo. Akachukua madumu mawili, akaenda kwa miguu hadi kwa mwenye mashine ya kusaga wa upande wetu wa mto, maili nne za matope, akarudi jioni na lita ishirini na tano, zote alizokuwa nazo yule bwana. Akazimimina tangini akanawa mikono. Shemeji yake alisimama pembeni kumshikia mfuniko, naye akauchukua mfuniko bila kumtazama.

Ijumaa nzima tulikaa tukiutazama mto. Mvua ilikata lakini maji yalikataa kushuka. Watu wanao msemo wao kuhusu majuto na mjukuu. Mhudumu mmoja alithubutu kuuanza mbele yangu, nikamwambia akiumaliza nitamtumbukiza kwenye pipa la kuchemshia shuka, na nilikuwa simtanii. Mume wangu alipima kila saa. Hakuhitaji tena kupima, mwalimu alikuwa amemwandikia kila mstari na lita zake, lakini alipima. Alikuwa akirudi ananiambia namba kwa kunong'ona, nami namwitikia. Hatukuwa na kingine cha kuambiana.

Jumamosi saa tatu asubuhi mashine ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Niko dobini nikasikia ule ukimya. Nilidondosha shuka.

Matroni alikuwa amekwisha kuwafundisha akina mama. Watoto wakatolewa kwenye masanduku, wakawekwa kifuani ngozi kwa ngozi, wakafunikwa mablanketi niliyoyapasha moto kwa pasi ya mkaa. Mtoto wa mwalimu na wa mama mkulima walitulia. Wetu alikuwa mdogo kuliko wote. Binti yangu alimlaza kifuani akamwimbia, na kila nilipoingia na blanketi jipya nilimgusa mguu wake. Mara ya tano niliugusa ukawa wa baridi. Nikausugua na vidole vyangu vilivyokwaruzwa na magadi, nikamwomba, “Mume wangu, mume wangu mdogo, ngoja kidogo.”

Saa saba trekta likaja. Mto ulikuwa umeshuka, si sana, dereva alikuwa amejaza trela magunia ya mchanga lisije likaelea. Akasema uzito ni hesabu: mtoto mmoja, kifua kimoja, basi. Mwalimu akapanda na wake. Mama mkulima akapanda na wake. Binti yetu alijaribu kuinua mguu, nyuzi zikamvuta, akapiga yowe, damu ikaonekana kwenye gauni. Matroni akamrudisha kitini.

“Nani atambeba?” akauliza.

Mume wangu alikuwa tayari. Alikuwa amejisugua kifua na mikono kwa sabuni yangu ya madoa, grisi ya miaka kumi na tisa imetoka, ngozi imekuwa nyekundu. Shati limefunguliwa vifungo vyote. Akasogea mbele ya kiti cha binti yake, akanyoosha mikono.

“Nipe, mama. Nipe mimi, babu yake.”

Binti yangu alimtazama. Hakuwa na hasira, nathubutu kusema hivyo mpaka leo. Alikuwa amechoka tu, na ana kitu kimoja duniani.

“Si wewe, baba,” akasema. “Mpeni mjomba.”

Tochi alikuwa nyuma ya watu, karibu na lango. Wakampisha. Alivua koti la ulinzi, akavua shati, akampokea mtoto kama anavyopokewa mtoto, kichwa kwanza. Tukamfunga naye kwa shuka mbili, nami nikakaza fundo. Akapanda. Trekta likaguna, likashuka kwenye maji, na tuliwaona mpaka walipokuwa vichwa vinne juu ya mchanga na maji pande zote. Nilipogeuka, mume wangu alikuwa bado amesimama pale pale, anafunga vifungo vya shati lake kimoja kimoja, na alikosea, akaanza upya.

Walifika wote watatu wakiwa hai. Wawili wako hai leo, na wa mwalimu anatambaa. Wetu alikaa kwenye sanduku la ng'ambo siku tatu. Mimi nilivuka Jumatatu, mto uliporuhusu, na nilikuwa naye Jumanne alfajiri alipoacha kupumua. Mdogo wangu alikuwa kwenye benchi la nje, hajaondoka tangu Jumamosi. Tulimvika sanda pamoja.

Kabla sijaondoka nilimtafuta daktari wa watoto, kijana mpole mwenye miwani, nikamuuliza ninachotaka kujua. Nilimuuliza: angeletwa Jumatano, angepona? Alijaribu kunikwepa. Aliniambia watoto wa kilo ile hakuna ajuaye. Nikamwambia, “Daktari, mimi ni dobi, nimeona damu nyingi kuliko wewe, nijibu.” Akavua miwani. Akasema kilichomchukua ni baridi ya Jumamosi, na kwamba Jumatano alikuwa na nguvu. Akasema, “Ndiyo, mama. Nadhani ndiyo.”

Nilirudi nyumbani jioni. Mume wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono safi juu ya magoti. Alipewa habari na dereva wa trekta. Hakulia mbele yangu. Akaniuliza bila kuinua kichwa:

“Ulimuuliza daktari? Kuhusu Jumatano?”

“Sikumuuliza,” nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeshukuru. Miaka ishirini na sita ameishi na mimi, na anajua kama mtaa wote unavyojua kwamba sijawahi kuondoka mahali bila kuuliza. Akajilaza, akageukia ukuta, nami nikamfunika.